Uzi Ndani ya Kola

Mjomba wangu ni dobi, na mtaa mzima humwita Kichwa. Watani wake husema jina hilo limetokana na kofia kumbana, lakini hiyo ni chumvi tu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuweka alama kwenye nguo ya mtu. Madobi wengine huandika herufi kwa wino usiotoka, au hushona kiuzi ndani ya kola ili shati la huyu lisiende kwa yule. Yeye alipokea mafurushi ya mtaa mzima, akayamwaga kwenye mabeseni, nyeupe huku na za rangi kule, akafua, akaanika, akapiga pasi, kisha akamrudishia kila mtu chake. Ukimuuliza amejuaje, anakutazama kana kwamba umemuuliza amemjuaje mama yake. "Kola hii imelika upande wa kushoto," anakwambia. "Ni ya fundi saa. Akiwa kazini hulaza shingo."

Mimi nimekulia kwenye chumba chake cha kazi. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, pasi ya mkaa juu ya tofali, gunia la mkaa nyuma ya mlango na harufu ya wanga iliyoshika hadi kwenye kuta. Uani kulikuwa na bomba, mabeseni na kamba za kuanikia. Mama yangu ni dada yake, na baada ya shule alinipeleka kwake ili nisizurure. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimpa vibanio. Aliniita Bosi. Kila nikiingia alisimama wima, akavua kofia, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Bosi, leo unanifukuza kazi au nibaki?" Nami, na meno yangu ya mapengo, nilimjibu, "Baki, lakini usizembee." Tulicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Watu walimpenda kwa sababu nyingine pia. Dobi huona mengi. Anajua shuka zipi zimelaliwa na mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wawili, na anajua nani amekonda kabla hajaanza kukohoa. Mjomba aliona yote hayo na hakusema neno. Mwalimu wa mtaani kwetu, alipoanza kazi, alikuwa na shati moja tu. Kila jioni alilileta likiwa limefichwa ndani ya gazeti, na kila asubuhi Mjomba alimkabidhi likiwa limenyooka na wanga wake, kola safi, ndani ya gazeti lilelile. Wanafunzi waliamini mwalimu wao ana kabati la mashati meupe. Hadithi hiyo aliisimulia Mwalimu mwenyewe, miaka mingi baadaye. Mjomba hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu, na ndugu hao wawili hawakuwa na tabia ya kufichana kitu.

Halafu mgongo ukaanza. Kukamua mablanketi na kusimama kutwa na chuma kizito mkononi si mchezo. Mtu mmoja akampa vidonge vya maumivu, vile vikali, akavimeza, akapiga pasi siku nzima akipiga miluzi. Aliviona kama neema. Baada ya muda vikawa havifui dafu, akaongeza, na vilipokoma kabisa kumsaidia kulikuwa na vijana nyuma ya gereji waliojua kitu kinachosaidia zaidi. Ndivyo mjomba wangu alivyoingia kwenye unga. Sitaki kulipamba jambo hili. Mke wake aliondoka, na hakuna aliyemlaumu. Pasi ziliuzwa. Siku moja furushi la mteja liliuzwa pia, na kesho yake Mjomba mwenyewe akapotea.

Mama alifungua tena chumba kile akiwa na pasi ya kuazima, na nilipomaliza shule nikajiunga naye. Sisi hatukuwa na kichwa chake. Tuliandika kwa wino na tuliomba radhi mara nyingi. Miaka ilikwenda. Tulikuwa tukimwona Mjomba kwa mbali, mwembamba, amejikunja ukutani nyuma ya gereji, na tukimwita alikuja, akala, akaondoka na kijiko. Zaidi ya mara moja alizidisha unga mpaka pumzi zikakatika, na wenzake wakamrudisha kwa kumwagia maji na kumpiga vibao. Mara ya mwisho maji hayakumwamsha. Alilala hospitali siku nyingi, na alipoamka alikubali kupelekwa kwenye nyumba ya watu wanaoacha unga. Huko alikaa hadi nyama zikarudi mashavuni.

Alirudi kwetu akiwa amenyoa, amevaa shati la kupewa, macho yamemtulia. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Mjomba aliingia kwenye chumba cha kazi, akaipapasa meza, akaitazama ile ndoo.

"Bosi bado hajatoka shule?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mwanamke mzima, nimemzidi urefu.

"Mjomba, ndiye mimi."

"Aah, ndiyo. Ndiyo, najua," akasema haraka, akanikumbatia. Lakini kesho yake, mkaa ulipokolea, aligeukia ile ndoo tena na kunyoosha mkono apewe kibanio. Nilienda uani nikajifanya nasuuza beseni. Iliniuma, sitasema uongo.

Muuguzi wa kliniki aliyekuwa akimfuatilia, mwanamke mfupi asiyejua kuzungusha maneno, alituketisha chini. "Unga hukaa palepale ubongo unapojifunzia na kukumbukia," alisema. "Na zile mara pumzi zilipokatika, ubongo ulikosa hewa. Mambo yake ya zamani mengi bado yapo. Haya mapya ndiyo yanateleza. Akiendelea kukaa bila unga, kuna yatakayorudi, polepole. Mengine huenda yasirudi. Kwa hiyo msimwambie 'kumbuka.' Mpeni kitu cha kumkumbusha."

Alimpangia siku ya kwenda kliniki kila wiki, kukaa na wenzake na kufanya mazoezi. Afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Kabla hajamjibu mtu yeyote, pasi kwanza ikae juu ya tofali. Hilo la pasi alilishika vizuri mno. Ukimsalimu anaweka pasi kwenye tofali, anafuta mikono, ndipo anakuitikia, kama mtu anayejiandaa kwa hotuba.

Lakini wino aliukataa. "Sijawahi kumwandika mtu kwenye nguo yake," alisema. "Dada, mkininyang'anya na hili, mimi ni nani hapa?" Mama alinitazama. Wote wawili tulijua njia ya kwenda nyuma ya gereji ni fupi, na tulijua mtu aliyekufa moyo huitembea bila hata kuvaa viatu. "Mwache afanye kama zamani," Mama akaniambia pembeni. Tukampa nusu ya mafurushi, bila alama.

Fundi saa alipokea mashati makubwa kama mahema. Mwalimu naye alipokea mashati ya fundi saa. Ukiwaza utaona Mjomba hakukosea ovyo. Kwenye kichwa chake Mwalimu alikuwa bado yule kijana mwembamba wa shati moja, maana huyo ndiye aliyekaa humo tangu zamani. Kwamba Mwalimu ameoa, ametulia na ameota kitambi cha heshima, Mjomba alikuwa akikiona kitambi hicho kila wiki na kila wiki kilimtoka akilini. Basi mashati membamba yakaenda kwa Mwalimu. Gauni la mama wa nyumba ya kona lilikwenda kwa mama aliyekaa nyumba hiyo zamani, na huyo alishahamia mtaa wa pili.

Mwalimu, kwa kumwonea Mjomba haya, alivaa alichopewa. Alienda kazini na shati la fundi saa, vifungo vikilia, akafundisha siku nzima bila kuinua mkono kufikia juu ya ubao. Jioni alipita dukani kwa jirani yetu tunayemwita Mama Duka, akamkuta fundi saa amesimama ndani ya shati linaloweza kubeba watu wawili. Walitazamana. Mama Duka alicheka hadi akashika kreti za soda asianguke. Kisha wakaacha kucheka, wakabadilishana nyuma ya friji, na Mwalimu akasema, "Kichwa asijue. Huyu mtu alinificha miezi na miezi. Mimi siwezi kumficha hata kidogo?"

Ndivyo njama ilivyoanza. Mtaa wetu hauwezi kukubaliana hata juu ya nani azoe takataka, lakini kwa hili waliungana. Kila Jumamosi mchana, Mjomba akishamaliza kugawa mafurushi, watu walipita kimyakimya dukani na nguo zisizo zao. Mama Duka alisimamia kwa ukali. "Suruali huku! Mashuka kule! Na wewe uliyechukua fulana ya mtoto wangu wiki iliyopita, usijifanye hunioni." Mimi na Mama tulijua, na tulishukuru. Mjomba alikuwa akiona watu wanachukua nguo zao, wanasema asante, hakuna anayerudi kulalamika. Alianza kupiga miluzi tena. Aliniambia, "Unaona, Bosi? Kichwa bado kipo." Nami, nisiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, nilijikaza kisabuni na kumjibu, "Kipo, Mjomba."

Kwa kuwa kichwa kipo, akaacha kwenda kliniki.

Muuguzi alikuja mwenyewe, Ijumaa, Mjomba akiwa amekwenda kununua mkaa. Mama alimsimulia habari ya dukani kwa fahari, akitegemea sifa. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. "Najua mnampenda," alisema. "Lakini mtu mwenye mguu mbovu mmempokonya mkongojo, halafu mnambeba usiku na mchana bila yeye kujua. Siku mkichoka ataangukia wapi? Na siku akijua mwenyewe?" Mama akainamisha uso. Tulikubaliana kwamba Jumapili, tukishakula na kutulia, tutamwambia taratibu.

Jumapili hatukuifikia. Jumamosi mchana tulikuwa wote dukani, mimi nikiwa nimeinua shuka la mtu kumtafuta mwenyewe, Mwalimu nyuma ya friji mkono mmoja ndani ya shati na mwingine nje, mlango ukatiwa kivuli. Mjomba alikuwa amesimama kizingitini, anahema kwa kukimbia, ameshika soksi moja ya kijivu.

Baadaye nilielewa. Aliikuta soksi chini ya meza, na safari hii alikumbuka. Alikumbuka kweli kwamba imedondoka kwenye furushi la Mwalimu, akatoka mbio kwa furaha ya kukumbuka.

Alitazama mashuka juu ya kreti, akatazama suruali mikononi mwa watu. Fundi saa, Mungu amsamehe, akasema, "Tulikuwa tunalinganisha mishono tu."

"Soksi ya Mwalimu," Mjomba akasema. Aliiweka juu ya kreti, akailainisha kwa kiganja, kama anavyofanya kwa kila nguo anayomkabidhi mtu.

"Ni yangu," Mwalimu akasema. "Kichwa, ni yangu kabisa. Hujakosea."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, akageuka, akaondoka.

Mama aliketi chini palepale, mikono kichwani. Mimi nilivua ndala nikakimbia, na sikukimbilia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya gereji, roho iko juu, nikiomba nisimkute na nikiogopa nisimkute. Walikuwepo wale wanne watano wa siku zote, wamejikunja kwenye kivuli cha gari bovu. Mmoja alinitambua.

"Unamtafuta Kichwa? Amepita hapa."

"Amechukua kitu?" nikauliza.

"Hakuchukua. Amesimama pale, ametutazama sana. Nikamwambia, kaka, karibu, kuna nafasi. Akakaa kimya. Nikafikiri ataketi." Alijikuna shingo. "Halafu akaniuliza duka la nyuzi siku hizi liko wapi. Nikamwambia palepale. Akakasirika, akasema kila mtu anamwambia palepale, na palepale siku hizi hapatulii. Basi, nikamwonyesha kwa kidole."

Ningeweza kumkumbatia yule mtu, na harufu yake yote. Nilimwambia asante, nikakimbia tena.

Mjomba alikuwa amesimama nje ya duka la nyuzi, kando ya mlango, mikono imening'inia. Watu walikuwa wakimpita kuingia na kutoka. Aliponiona hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubisha hodi.

"Bosi," akasema, "nimekuja kununua nini hapa?"

Nilitaka kulia kwa nguvu, katikati ya barabara. Nilimjibu, "Uzi, Mjomba."

"Uzi. Ndiyo." Alifumba macho akalirudia neno lile, kisha akaona aibu. "Nilikuwa nalo kule kote. Hata pale gereji nilikuwa nalo mdomoni, ndiyo maana sikuketi. Nilijua nikiketi litanitoka. Nimefika mlangoni, likanitoka."

Akaitazama ndoo ya muuza duka iliyokuwa karibu na mlango, imepinduliwa, akanitazama mimi, akarudia kunitazama, polepole, kuanzia ndala zilizokuwa mkononi hadi kitambaa kichwani. Akavua kofia.

"Bosi, unanifukuza kazi au nibaki?"

Tangu arudi hakuwa amelisema hilo. Nilidhani lilikuwa miongoni mwa yale yasiyorudi. Na safari hii hakuwa akitania. Aliuliza na kungoja jibu, kofia kifuani.

"Baki," nikasema, na machozi yakanitangulia. "Lakini usizembee."

Tuliingia, akachagua rangi mwenyewe. Alichagua kwa muda mrefu, akiuliza kila rangi ni ya nani na kunitaka nijibu: kahawia ya Mwalimu, samawati ya fundi saa, nyekundu ya Mama Duka kwa sababu ya ukali wake. Muuza duka alianza kuguna. Nilimtazama jicho moja tu, akanyamaza.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo uani. Mama alikuwa amesimama bombani akijifanya anajaza beseni lililokwisha kujaa, maji yakimwagikia miguuni. Mjomba alimfungia bomba. "Dada," akasema, "Jumatatu nikumbushe kliniki." Mama akamfuta kidevu kwa khanga, ingawa kidevu hakikuwa na kitu.

Ndani, Mjomba alizipanga nyuzi juu ya blanketi lenye alama za kuungua, akatunga sindano mwenyewe, kwa tabu, hakutaka kusaidiwa. Furushi la Mwalimu lilikuwa mezani, limerudishwa na Mama Duka, limefungwa vizuri kuliko lilivyotoka. Nikamsogezea. Alilisukuma kando. Akanyoosha mkono hadi kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akatungua koti langu la kazi, akaligeuza kola ndani nje, akachukua uzi wa kijani.

"Mjomba, hilo ni langu," nikasema. "Mimi naishi humuhumu. Koti langu litapotelea wapi?"

Aliweka sindano juu ya meza, akafuta mikono, kama anavyofanya akitaka kumjibu mtu.

"Najua ni lako. Leo najua." Aliishika tena sindano, akachoma kitambaa. "Wale wengine nikiwakosea, watabadilishana kwa Mama Duka. Wewe sitaki kubahatisha."